Mzee wa Basra na Miwani ya Mama Sifa

Jumapili, katikati ya Agosti. Alasiri.

Upepo umeamka tangu alfajiri. Vumbi la machimbo ya zamani linapenya hata dirisha likiwa limefungwa, midomo imepasuka, na nguo nilizoanika jana zimekuwa za njano. Nimekaa karibu na hita na mikono bado ni ya baridi.

Labda si baridi.

Nilijiwekea ahadi ya kuandika hapa kila Jumapili, na Jumapili tatu zimepita sijagusa kitu. Ya leo siwezi kuiruka. Nikiiacha ipite, nitaanza kujisimulia haya mambo yakiwa yamepigwa pasi, na mimi nimo ndani nimependeza.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: nilikuwa mwalimu wa fizikia, Bujumbura. Nilizaliwa Buyenzi, katika nyumba ya Kiislamu ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni na Kifaransa lugha ya shule. Hapa Johannesburg naishi Joubert Park, ghorofa ya sita, na kazi yangu ni kutengeneza miwani katika duka dogo huko Kensington. Mteja analeta karatasi ya daktari wa macho. Mimi nakaa chumba cha nyuma, nanakili vipimo kwenye kadi ya kazi, nachonga lenzi, natia kwenye fremu, napima, nafunga. Watu wa jengo letu bado wananiita Mwalimu. Napenda kuitwa hivyo. Napenda kupita kiasi, na nadhani shida ilianzia hapo.

Mwezi uliopita, wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Braamfontein waliniomba nizungumze nao Jumamosi moja juu ya mwanasayansi yeyote nimpendaye. Sikufikiri hata dakika. Nilimchagua yule mwanazuoni wa Kiislamu aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, yapata miaka elfu moja iliyopita, aliyewafundisha watu jinsi tunavyoona. Jina lake ni refu na wanafunzi wangu wa Bujumbura walikuwa wakilikatakata, kwa hiyo darasani tulimwita Mzee wa Basra. Nami nimebaki nalo.

Nilimpenda tangu nikiwa msichana. Kabla yake, wakubwa wengi wa Kigiriki walisema jicho hutoa miale, miale inakwenda kugusa vitu, na ndiyo kuona. Wengine walibisha, lakini walibishana kwa maneno tu. Yeye aliuliza jambo ambalo mtoto angeweza kuuliza: kama jicho ndilo linalotoa, mbona ukitazama jua linauma? Mbona ukifumba macho baada ya kutazama dirisha lenye mwanga mkali, lile dirisha unabaki nalo ndani ya kope? Basi kuna kitu kinaingia. Halafu hakuishia kwenye kuuliza. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akaona kila taa ina doa lake ukutani. Akiziba taa moja, doa lake peke yake linapotea. Akiifunua, linarudi palepale. Akajua kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwamba mwanga wa taa hii hauchanganyikani na wa taa ile hata ikipita tundu moja.

Lakini ninachokihusudu zaidi ni tabia yake. Aliwaonya wanaotafuta kweli wasimeze walichoandika wakubwa, washuku kila wanachosoma, na wakimaliza wajishuku na wao wenyewe.

Hilo la mwisho nililiandika kwenye daftari la mhadhara na kulipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipiga mistari miwili.

Wiki hiyohiyo ndipo Mama Sifa alipochukua miwani yake.

Mama Sifa ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, anakaa ghorofa ya nne katika jengo letu. Anashona magauni ya harusi na sare za kwaya, na wanawake wanatoka mpaka Yeoville kumtafuta. Jicho lake la kulia lina kasoro ya umbo: halikuviringana sawasawa, kwa hiyo lenzi yake lazima ielekezwe upande maalum, kama mshale wa saa unavyoelekea namba. Daktari huandika ule mwelekeo kwa nyuzi, zile digrii za pembe, kwenye karatasi. Ukiukosea, lenzi ni ileile, nguvu ni ileile, lakini dunia inalala upande.

Mimi ndiye niliyemshauri aje dukani kwetu. Nilimwambia, njoo, nitakutengenezea mwenyewe.

Baada ya siku nne alirudi. Alisimama kaunta, miwani mkononi.

"Mwalimu, hii miwani iko inanidanganya. Niko naona chini inapanda upande moja. Hata kitambaa nikikata sawa, niko naona kimepinda."

Nikaichukua, nikaiweka kwenye mashine ya kupimia, nikalinganisha na kadi ya kazi. Ilikuwa sawasawa, wala hapakuwa na tofauti ya nyuzi moja.

"Iko sawa, Mama Sifa. Ni macho hayajaizoea. Utazoea."

Akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi tena, safari hii amekunja uso. Alisema kichwa kinamuuma, na kwamba akishuka ngazi anashika ukuta. Nikapima tena. Ikawa sawa tena. Kulikuwa na wateja wawili wanasubiri na mimi nilikuwa na mhadhara wa kuandika. Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ubaoni:

"Mama, mashine haisemi uongo. Yape macho muda."

Alinitazama kidogo. "Bon, sawa," akasema. "Wewe ndiye Mwalimu."

Jioni ile nilirudi nyumbani nikaandika kurasa mbili nzuri sana kuhusu mtu aliyekataa kuamini wakubwa.

Alhamisi iliyopita nilipofika kutoka kazini, askari wa mlangoni aliniambia Mama Sifa ameanguka. Lifti yetu haijafanya kazi tangu Pasaka. Alikuwa anateremka na kitambaa cha mteja begani, akakanyaga ngazi ambayo haikuwa mahali alipoiona. Amevunjika mkono wa kulia, kwenye kifundo. Walikuwa wamemrudisha kutoka hospitali saa hiyohiyo.

Nilipanda mpaka ghorofa ya nne bila kuvua begi. Alikuwa kitini kando ya cherehani, mkono umefungwa plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko. Kwenye meza kulikuwa na kitambaa cheupe kimetandazwa nusu, gauni la bibi harusi, na mkasi juu yake.

Nilitegemea anilaumu. Nilikuwa nimeandaa hata majibu.

"Macho yangu ndiyo mabaya, Mwalimu," akasema. "Miwani umepima mara mbili. Ni mimi ndiye sikuzoea haraka."

Sijui kama nimewahi kuambiwa neno lililoniingia hivyo. Mtu amevunjika mkono, na bado ananiamini mimi kuliko macho yake.

Nikaomba miwani. Nikachukua karatasi nyeupe, nikachora mistari iliyonyooka, ya wima na ya kulala, nikaibandika ukutani usawa wa uso wake. Nikamwambia afunike jicho la kushoto kwa mkono mzima. Nikashika miwani mbele ya jicho la kulia, nikaanza kuizungusha taratibu, fremu inainuka upande mmoja kama mtu anayeinamisha kichwa.

"Sasa?"

"Bado. Imepinda."

"Sasa?"

"Bado."

Nikaizungusha zaidi. Fremu ilikuwa karibu isimame wima, kitu ambacho mtu mwenye miwani sahihi asingekivumilia hata kidogo.

"Hapo!" akapaza sauti. "Hapo! Usitikise! Mistari yote imenyooka. Mama yangu, hata ile ndogo niko naiona."

Nikashusha miwani na mistari ikampotea.

Haikuwa macho. Haikuwa kuzoea. Lenzi ilikuwa imetiwa ikielekea upande usio wake. Ilinichukua dakika mbili na kipande cha karatasi kujua, na dakika hizo mbili nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza aliporudi.

Sikumwambia palepale. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilisema, "Ngoja kesho niangalie kitu dukani," nikapanda kwangu.

Ijumaa nilifika dukani wa kwanza. Nikaitoa ile karatasi ya daktari yenyewe, ile aliyokuja nayo Mama Sifa kutoka kliniki, ambayo nilikuwa sijaigusa tangu nilipoinakili. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaandika saba na kistari katikati. Saba isiyo na kistari, kwa macho ya mtu wa kwetu, ni moja yenye pua ndefu. Daktari wa hapa aliandika nyuzi sabini, saba yake bila kistari, kama wanavyoandika hapa. Mimi nikasoma kumi. Kwenye kadi nikaandika kumi kwa mwandiko wangu mzuri wa mwalimu, na mara zote mbili nilipopima nilikuwa nalinganisha miwani na kadi hiyo. Mashine haikusema uongo, kweli. Ilikuwa inanithibitishia kosa langu kwa usahihi mkubwa.

Nikamwambia Dokta Naledi, mwenye duka. Ni mwanamke mzuri, sitaki aonekane vibaya hapa. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Akasema nichonge lenzi mpya sasa hivi, niache kila kitu kingine kisubiri. Halafu akasema nimpelekee Mama Sifa na kumwambia ni zawadi ya duka, pole kwa kuanguka, tumekuwekea lenzi bora zaidi.

"Usiseme zaidi ya hapo," akasema. "Akishtaki, duka hili dogo halitasimama. Na wewe, na hizo karatasi zako za ukimbizi..."

Hakumaliza. Hakuhitaji.

Nikaingia chumba cha nyuma kuchonga, na nikiwa nachonga nilimfikiria Mzee wa Basra, lakini si yule wa taa na tundu. Inasimuliwa kwamba aliwahi kujigamba anaweza kuudhibiti mto Nile, mtawala wa Kairo akamwita aje afanye, na alipofika akaona haiwezekani. Wanasema kwa kumwogopa mtawala alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani miaka mingi. Sijui kama ni kweli, na kwa desturi yake mwenyewe sipaswi kuimeza. Lakini miaka yote nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi hadithi ile kama mzaha wa mtu mwerevu. Ijumaa niliisikia kama hadithi ya mtu mwenye hofu. Mtu aliyejua kweli ni ipi na hakuweza kuitamka mbele ya aliyeshika mlango.

Nami nilikuwa nimeshaipata sauti ya kumwambia Mama Sifa kuhusu zawadi. Niliijaribu kimoyomoyo. Ilikuwa inapendeza.

Saa kumi jioni niliketi mbele yake. Nikamvalisha miwani mpya mwenyewe, kwa sababu ya mkono. Akatazama mlango, akatazama sakafu, akatazama gauni lililolala mezani. Machozi yakamlengalenga.

"Imenyooka," akasema.

Nikamwambia. Sikupitia mbali. Nilimwambia: nilisoma karatasi vibaya, ukaniambia, nikapima nikitumia kosa langu lilelile, ukaniambia tena, nikakunyamazisha. Macho yako hayakuwa na shida. Ulianguka kwa sababu yangu.

Cherehani ya jirani ilisimama, kisha ikaanza tena.

"Kusoma vibaya, kila mtu anasoma vibaya," akasema mwishowe. "Mara ya kwanza nilikuambia, hukujua. Sawa. Mara ya pili, Mwalimu. Mara ya pili nilikuambia nashika ukuta. Ile ndiyo iko inaniuma kuliko huu mkono."

Nikasema, "Nisamehe, Mama Sifa."

"Nitajaribu. Leo siwezi kukudanganya."

Kisha akanyoosha kidevu kuelekea gauni. "Huyu binti anaolewa mwisho wa mwezi. Mimi nina mkono moja. Wewe una miwili. Kesho saa mbili uko hapa."

Nikamwambia sijui kushona hata kifungo.

"Utazoea," akasema.

Hakucheka. Nami sikucheka.

Basi jana saa mbili asubuhi nilikuwa mikono ya Mama Sifa. Yeye anaelekeza kwa kidole cha kushoto, mimi nakata. Alinifumulisha mshono mmoja mara tatu. Nilipomwambia mara ya tatu kwamba sasa umenyooka, aliniambia niugeuze kitambaa nitazame kwa nyuma. Ulikuwa umepinda. Ni mwalimu mkali na ni mwalimu mzuri, na saa tano aliponiruhusu kuondoka vidole vyangu vilikuwa na matundu kama kichujio.

Saa nane nilikuwa Braamfontein. Ukumbi mdogo, labda watu thelathini. Nilikuwa na daftari langu lenye mistari miwili myekundu. Nililifungua, nikalitazama, nikaona aibu kulisoma.

Nikaanza na jua linalouma jicho. Nikawaeleza taa, tundu, chumba cha giza. Wengi wanasoma uhandisi na udaktari na walikuwa hawajui kwamba ile kazi ya kubuni jaribio, kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine, kurudia mpaka uhakika, ina babu yake mmoja mwenye kilemba. Walifurahi. Kijana mmoja wa Mombasa akapiga makofi. Kisha nikafunga daftari nikawasimulia habari ya Mama Sifa bila kumtaja jina, kuanzia saba mpaka ngazi.



Msichana mmoja akauliza kama Mzee wa Basra naye aliwahi kukosea. Nikasema ndiyo, na mahali penyewe palipo karibu na kazi yangu. Alidhani kuona kunaanzia kwenye lenzi ya jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Hakukubali kwamba picha inaangukia nyuma ya jicho, tena ikiwa juu chini, ingawa chumba chake cha giza kilikuwa kinaweza kumwonyesha. Waliokuja karne nyingi baadaye ndio waliosahihisha, wakitumia njia aliyowaachia. Niliona hilo limewaridhisha, na nikawa nakusanya vitu vyangu.

Ndipo akasimama dada mmoja kutoka Dodoma, mwanafunzi wa takwimu, amevaa koti kubwa kuliko yeye. Aliongea kwa adabu kabisa.

"Shikamoo Mwalimu. Nina swali dogo. Hiyo saba, ni mara ya kwanza kuisoma moja, au ni mara ya kwanza mteja amerudi mpaka ukagundua?"





Nina miaka minne katika duka lile. Miaka minne ya karatasi za madaktari wa hapa, wenye saba zisizo na kistari. Na kila aliyerudi kulalamika nilimpima kwa kadi niliyoiandika mwenyewe. Wengi nakumbuka hata sura zao. Mzee mlinzi aliyesema kichwa kinamuuma. Mama wa kusuka nywele aliyesema ataivaa tu akiwa nyumbani. Wote niliwaambia neno lilelile, wakaniamini, wakaenda.

Nilimjibu yule dada, "Sijui." Ndilo neno la kweli kuliko yote niliyosema jana. Akaniambia ahsante na kuketi.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa nahesabu na kuacha, nahesabu na kuacha. Tulisimama kwenye robot ya kwanza baada ya daraja, taa ikiwa nyekundu, na nikajikuta natazama kila mtu mwenye miwani anayevuka barabara.

Leo asubuhi, baada ya kujizungusha ndani kama kuku, nilimpigia simu Dokta Naledi. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba Ijumaa nilimwambia Mama Sifa kila kitu. La pili, kuhusu karatasi za miaka minne. Zote zipo kwenye makabati, kadi yangu imebanwa pamoja na karatasi ya daktari, tunaweza kuzilinganisha moja baada ya nyingine, na kila tutakayemkuta amekosewa tumwite.

Nilisikia televisheni nyuma yake, mahubiri ya Jumapili. Nilijua anafikiria duka. Mimi nilikuwa nafikiria karatasi zangu za ukimbizi, na nilifikiria nitasema nini nyumbani wakiuliza kwa nini nimepoteza kazi.

"Alisemaje yule mama?" akauliza.

"Amesema atajaribu kusamehe."

Akaizima televisheni.

"Siwezi kukuahidi chochote kuhusu kazi," akasema. "Lakini sifungui mlango kwa wateja kesho. Njoo saa moja. Tutasoma wote wawili, wewe karatasi, mimi kadi. Usisome peke yako."

Sijui makabati yale yana nini. Huenda ni mmoja, huenda ni arobaini. Naogopa, na sitaki kujipamba kwamba siogopi.

Nimeshapanga nguo za kuvaa. Asubuhi nitapitia ghorofa ya nne kumwambia Mama Sifa kuwa nitachelewa kwenye gauni, na sababu yake.